Samaki wa mwamba huishi mara mbili: viluwiluwi, mikondo na ubishi wa tengefu Malindi na Lamu

Likizuka gumzo la tengefu, yaani sehemu ya bahari iliyofungwa isivuliwe, kwenye banda la samaki, iwe Malindi au Lamu, kauli tatu hazikosi. Mmoja atasema hifadhi imewafungia samaki ndani, wavuvi wakaachwa nje wakitazama. Wa pili atasema samaki wote huzaliwa mikokoni, kwa hiyo mwamba ufungwe usifungwe ni mamoja. Wa tatu atachota kiganja cha visamaki vilivyonaswa kwenye chandarua na kuapa kwamba hiyo ni aina ya peke yake, haikui, ikiachwa itakufa bure. Kila kauli ina chembe ya ukweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Zote zinakosea mahali pamoja: zinamhesabu samaki aliyekwisha kuwa samaki, na kuyasahau maisha aliyoishi kabla ya kufika mwambani.

Tuyaweke majina sawa kwanza. Samaki wengi wa mwamba wa matumbawe, kama vile changu, pono, kangaja, chewa na kitatange, hupitia hatua nne. Kuna yai. Kuna kiluwiluwi, yaani samaki aliyeanguliwa lakini hajafanana na wazazi wake wala haishi wanakoishi. Yeye yuko maji ya wazi pamoja na watoto wa kaa, uduvi na vijimea visivyoonekana kwa macho. Kuna kifaranga, aliyekwisha kurudi mwambani au kwenye majani ya bahari na kuvaa umbo la ukoo wake. Kisha kuna mzima, anayeweza kuzaa. Siku kiluwiluwi anapoyaacha maji ya wazi na kuingia mwambani, hapa tutasema ametua.

Kuzaa kwenyewe ni kwa namna mbili kubwa. Pono, kangaja, changu na chewa humwaga mayai na shahawa majini, mara nyingi kwenye ukingo wa mwamba unaotazama bahari kuu. Yai lina kipenyo cha milimita moja au pungufu, huelea, na huanguliwa baada ya takriban siku moja. Kinachotoka hakina mdomo uliofunguka wala macho yanayoona. Kinaishi kwa akiba ya kiini cha yai kwa siku chache. Akiba ikiisha na chakula cha saizi ya mdomo wake kisiwe karibu, basi. Namna ya pili ni kubandika mayai. Kikande hutaga chini na kuyalinda. Wale samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wanaojificha ndani ya mnyama wa baharini mwenye minyiri inayowasha, huyabandika mayai juu ya jiwe na dume huyalinda kama wiki moja mpaka yaanguliwe usiku. Watoto wao hutoka na macho na mdomo tayari. Tafi yuko katikati: mayai yake yana gundi na hushika chini, lakini hana desturi ya kuyalinda kama kikande.

Muda wa kuishi maji ya wazi hutofautiana kupita kiasi. Yule mdogo wa rangi ya machungwa hukaa siku 8 hadi 12 tu. Jamaa zake wadogo wa matumbawe, wa buluu na wa manjano, hukaa karibu wiki tatu. Tafi hukaribia mwezi. Chewa wengi hukaa wiki tano hadi saba, kangaja wanaweza kupita siku 60, na baadhi ya spishi za ukoo wa pono na jamaa zake huzidi siku 100. Mtu akikuambia "viluwiluwi husafiri umbali kadha" bila kutaja ni samaki gani, hajakwambia kitu.

Sura isiyofanana na ya baba

Kiluwiluwi wa samaki si samaki aliyepunguzwa. Ni mnyama wa mahali pengine, mwenye mwili wa kazi nyingine. Kule nje hakuna pango la kujificha, kwa hiyo silaha kuu ni kutoonekana: wengi wao ni wa kioo, macho na utumbo tu ndivyo vinavyong'aa. Silaha ya pili ni miiba. Kiluwiluwi wa chewa huota mwiba mmoja mrefu mgongoni na miwili tumboni, yenye meno kama msumeno, mirefu kiasi kwamba ukimtazama kwa hadubini unaona umbo la tiara. Miiba hiyo humfanya awe mgumu kumezwa. Akishatua hufupishwa ikawa ya kawaida. Kitatange hukuza mabamba ya mfupa yanayofunika kichwa na kushuka nyuma ya mashavu, kofia ya vita kwa samaki asiyezidi sentimita mbili. Mkunga ndiye kioja zaidi: kiluwiluwi wake ni mwembamba mithili ya jani, wa kupenya nuru, na hana dalili yoyote ya yule mnene anayetoa kichwa pangoni.

Si ajabu basi kwamba wataalamu wenyewe walipotea. Kwa miaka mingi viluwiluwi wa mkunga na jamaa zake waliorodheshwa kuwa aina ya peke yao ya samaki, wenye jina lao la kisayansi. Mwaka 1886 Yves Delage, katika maabara ya Roscoff nchini Ufaransa, alimweka mmoja hai ndani ya tangi akamwona akigeuka kuwa mkunga wa kule kwao. Viluwiluwi wa kangaja na wa kitatange nao walipewa majina yao kabla ya kugundulika ni watoto wa nani. Kwa hiyo mvuvi wa Shela au wa Mayungu anayesema "huyu si mtoto wa yule" yuko katika kundi la watu wasomi sana. Amekosea, lakini hakukosea peke yake.

Kugeuka hutokea upesi. Kangaja huingia mwambani usiku akiwa wa kioo na tumbo la fedha, na katika siku chache hupata rangi na utumbo wake hurefuka ili uweze kusaga mwani. Katika siku hizo hizo ndipo huliwa hovyo. Majaribio ya nchi mbalimbali yaliyojumlishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya samaki wanaotua huliwa ndani ya siku moja au mbili za mwanzo.

Hapo ndipo kauli ya chandarua inapojibiwa, na jibu lake si moja. Ni kweli kwamba wapo samaki wasiokua wakubwa: simu na dagaa wana utu uzima wao wa kiganjani, na kuwaita wote "watoto" ni kosa la upande wa pili. Njia ya kujua ni kupasua tumbo. Ukikuta mayai yaliyojaa, huyo ni mzima. Ukikuta uzi mwembamba usio na kitu, na mwilini umeanza kuona madoa ya tafi au mdomo wa changu, huyo ni kifaranga. Na kifaranga huyo si mmoja wa wale mamilioni waliokuwa wafe baharini. Ni yule aliyekwisha kunusurika kiini kuisha, mkondo, na usiku wa kutua. Piga hesabu ndogo: kilo moja ya vifaranga wa tafi wenye gramu moja kila mmoja ni samaki 1,000. Hata mmoja tu kati ya kumi angefika gramu 300, ingekuwa kilo 30. Chandarua kinakula mtaji, hakili faida.

Si takataka za mkondo

Zamani ilidhaniwa kwamba kiluwiluwi huchukuliwa na maji kama gogo: mkondo ukienda Lamu naye yuko Lamu. Kwa siku za mwanzo ndivyo. Lakini anapopata mapezi kamili, mambo hubadilika, na bora umfikirie kama nahodha wa mashua ndogo: hawezi kuushinda upepo, ila anajua lini apandishe tanga na lini atie nanga. Viluwiluwi wa umri huo huogelea sentimita 20 au zaidi kwa sekunde. Katika majaribio yaliyofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1997, viluwiluwi wa samaki wa mwamba waliwekwa kwenye mfereji wa maji yaendayo sentimita 13.5 kwa sekunde, bila chakula, na kwa wastani waliogelea zaidi ya siku tatu, sawa na umbali wa kilomita 40.

Huupata mwamba kwa njia kadhaa. Mwamba hai una kelele: kamba wanaolia kwa makucha, pono wanaotafuna matumbawe, samaki wanaoguna. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba vimiamba vya kujengwa vilivyowekewa vipaza sauti vinavyocheza sauti za mwamba vilivuta viluwiluwi wengi kuliko vile vya kimya. Wananusa pia. Na bila kuogelea kwa nguvu wanaweza kubadili kina: maji ya juu yakienda upande mmoja na ya chini yakienda taratibu au upande mwingine, kushuka mita kumi tu kunabadili safari nzima.

Wangapi basi hurudi walikozaliwa? Jaribio maarufu ni la Kisiwa cha Lizard, Australia, lililochapishwa mwaka 1999. Watafiti walitia alama mayai zaidi ya milioni 10 ya samaki mdogo wa matumbawe kwa kutumia tetrasaiklini, dawa ile ile ya hospitali, ambayo huacha alama inayong'aa ndani ya jiwe la sikio la samaki. Kisha wakachunguza vifaranga 5,000 hivi waliotua. Kumi na tano walikuwa na alama. Inaonekana ni wachache, lakini mayai yaliyotiwa alama yalikuwa sehemu ndogo ya mayai yote, na hesabu ilipokamilishwa ilibainika kwamba kati ya asilimia 15 na 60 ya vifaranga walikuwa wamezaliwa kisiwa kile kile. Kwa maneno mengine, wengine walitoka mbali, na wengi hawakwenda mbali hata kidogo.

Kusi na kaskazi

Katika pwani yetu swali hili linaamuliwa na pepo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini. Wakati wa kusi, kati ya Aprili na Oktoba hivi, hupata nguvu na kupita Malindi na Lamu hadi Somalia. Wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, ukakutana na ule wa kwetu huku kaskazini mwa pwani ya Kenya, na yote miwili ikapinda kuelekea bahari kuu mashariki. Samaki wengi wa mwamba wa pwani hii huzaa zaidi katika miezi ya kaskazi na tanga mbili, majira ya pepo kubadilika, kabla yake, maji yakiwa moto na shwari.

Sasa tazama matokeo. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde hubeba kitu kilomita 43 kwa siku. Kiluwiluwi wa wiki tatu, kama angekuwa gogo kweli katikati ya mkondo huo, angekwenda zaidi ya kilomita 850, yaani angetoka nje ya pwani yote ya Kenya. Hawaishii huko kwa sababu karibu na mwamba maji husuasua, kuna vimbunga vya maji nyuma ya rasi, kuna kujaa na kupwa, na kuna ule unahodha wake. Lakini mwelekeo hauepukiki: mayai ya Watamu na Malindi yaliyomwagwa mkondo ukielekea kaskazini yana nafasi ya kulisha miamba ya Lamu, wakati ya Lamu hayana njia rahisi ya kushuka Malindi. Na yale yaliyomwagwa karibu na Kiunga mikondo inapokutana yana hatari ya kupelekwa nje moja kwa moja. Maji baridi yanayopanda kutoka vilindini upande huo wa kaskazini pia hufanya matumbawe yawe machache kuliko kusini. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu mpango wa tengefu uliofaa Kuruwitu, huko Kilifi, hauwezi kunakiliwa Pate au Kiwayu, visiwa vya Lamu, bila kwanza kuuliza maji yanatoka wapi.

Hapa pia kauli ya hifadhi iliyowafungia samaki inapungua uzito. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Ndani ya hifadhi ya taifa kuvua ni marufuku, na kwenye eneo la akiba linaloizunguka uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Faida yake kwa mvuvi huja kwa milango miwili, na watu huichanganya. Mlango wa kwanza ni samaki wazima wanaovuka mpaka kwa miguu yao, tuseme hivyo. Mlango huo ni mwembamba: Boaz Kaunda-Arara na George Rose waliwatia alama samaki wa hifadhi za pwani ya Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2004, na spishi chache tu ndizo zilizoonekana kutoka kwa wingi. Anayelalamika kwamba haoni chewa wakubwa wakitoka hifadhini anasema kweli. Mlango wa pili ni viluwiluwi, nao hauna lango. Samaki jike mwenye urefu maradufu huwa na uzito wa karibu mara nane, na katika spishi nyingi mayai yake huzidi hata mara nane hizo. Majike wakubwa hubaki mahali pasipovuliwa. Mayai yao hayabaki. Lakini ukweli ukamilishwe: mvuvi anayepata mavuno hayo huenda si jirani wa hifadhi aliyejinyima. Huenda ni mtu wa kilomita 50 kaskazini ambaye hajui hata kwamba kuna mahali palipofungwa. Hilo ni jambo la haki, na halitatuliwi na hesabu za samaki.

Na mikoko? Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na Hori ya Mida (Mida Creek) huko Watamu ina yake. Vifaranga wa changu na wa jamaa zake hujaa humo na kwenye majani ya bahari, na pale ndipo wanaponenepa kabla ya kwenda mwambani. Lakini wengi wao hawakuzaliwa humo. Walizaliwa nje, wakaelea, wakaingia mikokoni wakitafuta pa kujificha. Ukiikata mikoko unaua malezi. Ukimaliza majike nje ya mwamba mikoko itabaki nyumba isiyo na watoto. Pono na kangaja wengi hawapiti mikokoni kabisa.

Wanavyohesabiwa, na hesabu inapoharibika

Namba zinazotajwa mikutanoni hutoka kwenye vifaa, na kila kifaa kina upofu wake.

Anuwai ya samaki wazima, yaani spishi ngapi zipo na kila moja ina wangapi, huhesabiwa kwa macho. Mzamiaji hutandaza utepe wa mita 50, husubiri dakika kadhaa samaki watulie, kisha huogelea taratibu akiandika kila samaki aliye ndani ya mita mbili na nusu kila upande. Hiyo ni mita 250 za mraba. Kwa wale wadogo wanaoganda kwenye matumbawe hurudi akihesabu upana wa mita mbili tu. Wanaokosekana ni mkunga, wa usiku, na vile vidogo vya kwenye nyufa. Wanaozidishwa ni pono: wengi wao huanza maisha wakiwa majike wa rangi iliyofifia na baadaye kugeuka madume ya kijani na buluu, na asiyejua huandika spishi mbili pale penye moja. Orodha ndefu si lazima iwe orodha ya kweli.

Viluwiluwi wachanga hukamatwa kwa wavu wa kukokota: koni ya kitambaa chenye matundu ya nusu milimita, mdomo wake ni pete ya sentimita 60, na katikati ya mdomo kuna kipima-maji chenye pangaboi. Hukokotwa dakika 10 kwa mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde. Pete ya kipenyo hicho ina eneo la mita za mraba 0.28, kwa mita 600 wavu umechuja karibu mita za ujazo 170. Tuseme wamepatikana viluwiluwi 34: hao ni 20 kwa kila mita 100 za ujazo, na ni namba hii ndiyo inayolinganishwa kati ya mwezi na mwezi, si ile 34. Kinachoharibu kazi Malindi ni Mto Sabaki. Mvua za bara zikishuka, maji ya kahawia hujaa tope, matundu huziba, maji hupita pembeni ya wavu badala ya ndani, na asiyesoma kipima-maji atadhani viluwiluwi wamepungua. Tena wavu wa mchana huwapata wachanga tu. Wakubwa wanauona na kuukwepa.

Wakubwa, wale wanaokaribia kutua, hunaswa kwa mtego wa taa. Ni sanduku la plastiki angavu lenye matundu ya umbo la faneli na taa iliyozibwa maji isiingie. Huwekwa kabla ya jua kutua, kina cha mita moja hivi chini ya uso wa maji, na hutolewa alfajiri. Kanuni ya kwanza ni giza: mwezi ukiwa angani taa haivuti. Kwa hiyo kazi hufanywa siku za mwisho na za mwanzo wa mwezi wa Kiislamu, kalenda ambayo mabaharia wa hapa hawahitaji kufundishwa. Tatizo ni kwamba mwezi mwandamo ni bamvua vile vile. Maji yanakwenda kasi na mtego wenye nanga nyepesi huburutwa au kulala ubavu. Mitego iwe mbali, mita 100 au zaidi, taa zisinyang'anyane samaki. Ukichelewa kuutoa jua likapanda, uduvi waliojazana humo humaliza hewa, na ngisi mmoja mdogo aliyeingia anakuwa amekula ushahidi. Mtego huu pia hauwaoni viluwiluwi wasiopenda mwanga. Ndiyo maana wavu na mtego vikitoa orodha tofauti kwa mwamba ule ule hakuna aliyedanganya.

Malindi si ngeni kwa kazi hii: mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa namna ujio wa viluwiluwi kwenye hifadhi ya Malindi unavyobadilika kwa majira, na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, wameendelea kuchunguza viluwiluwi wa pwani hii.

Kuhifadhi ndiko kunakoua tafiti nyingi kimya kimya. Fomalini ya asilimia 4 hutunza umbo vizuri, lakini huvunja vinasaba na, kwa tindikali yake, huyeyusha mawe ya sikio. Ndiyo maana hutiwa boraksi kuipoza. Ethanoli ya asilimia 95 hutunza vinasaba na mawe, ila huwanyong'onyeza samaki na kuwapunguza urefu, kwa hiyo wapimwe mapema. Viluwiluwi wasizidi robo ya chupa, na ethanoli ibadilishwe baada ya saa 24, kwa sababu maji ya miilini mwao huipunguza nguvu. Rangi nyekundu na ya manjano hupotea. Nukta nyeusi hubaki, na hizo ndizo zinazotumika kutambua.

Utambuzi huanza kwa kuhesabu vipande vya misuli vinavyoonekana kupitia ngozi ya kioo. Samaki wengi wa mwamba wana takriban 24 hadi 26. Mkunga ana zaidi ya 100, kwa hiyo huyo humalizika dakika ya kwanza. Kisha hutazamwa urefu wa utumbo, miiba ya kichwa, na mpangilio wa nukta nyeusi. Kwa njia hii unafika kwenye familia, mara nyingi usivuke hapo. Ripoti inayodai kutambua kila kiluwiluwi mpaka spishi kwa hadubini peke yake isomwe kwa jicho moja limefumbwa.

Umri husomwa kwenye jiwe la sikio, ambalo huongeza tabaka moja kila siku; jambo hilo lilielezwa na Giorgio Pannella mwaka 1971. Jiwe hubandikwa kwenye kioo kwa gundi ya moto, husuguliwa kwa karatasi laini mno hadi kiini kionekane, na husomwa likikuzwa mara 400 hadi 1,000. Siku ya kutua huacha alama: matabaka hubadilika upana ghafla. Idadi kabla ya alama ni siku za maji ya wazi. Ukisugua kupita kiini kwa nukta chache, umepoteza siku za mwanzo na hakuna wa kukurudishia. Kila jiwe lisomwe mara mbili au tatu bila kuangalia hesabu ya kwanza. Zikipishana sana, liachwe.

Kwa spishi kamili hutumika vinasaba. Kipande kidogo cha nyama husomwa sehemu moja ya kinasaba yenye herufi karibu 650, kisha hulinganishwa na samaki wazima waliokwisha kusomwa na kutambuliwa na mtu anayewajua. Kama mzima wa spishi hiyo hajawahi kusomwa, mashine itatoa jina la jirani yake kwa ujasiri mkubwa.

Hapo ndipo banda la samaki linapoweza kusaidia kuliko maabara yoyote, kwa kuwa kila asubuhi hupita humo spishi ambazo mzamiaji hazioni. Samaki wa kulinganishia achukuliwe mzima kabla hajatiwa barafu wala kuparwa magamba. Apigwe picha ubavu wa kushoto, mapezi yametandazwa, rula ikiwa kando. Nyama ya ukubwa wa punje ya mahindi ikatwe ubavu wa kulia, kwa wembe mpya kwa kila samaki, maana wembe uliopita kwa changu utaandika changu ndani ya tafi. Itiwe kwenye ethanoli ya asilimia 95. Jina la mahali, tarehe, kina alikovuliwa na aina ya zana ya kuvulia, iwe lema, jarife au mshipi, viandikwe kwa penseli juu ya karatasi ngumu na karatasi iingie ndani ya chupa pamoja na nyama. Wino huyeyuka, na lebo ya kubandika nje huachia siku ya kwanza spiriti inapomwagika.